Rubani wa Kufunzwa au Rubani wa Kuajiriwa?

Mwanafunzi mmoja wa Muyinga ameleta swali kwenye ukurasa huu, nami nimelipenda kwa kuwa halina jibu jepesi. Auliza hivi: shirika la ndege likitaka marubani, lifanye lipi? Lichukue vijana wasiojua kitu, liwafunze tangu mwanzo hata waweze kurusha eropleni? Au liwaajiri watu waliokwisha kuruka miaka mingi mahali pengine, hata wakiwa wageni? Rafiki yake aliye Gitega, asema, amemjibu kwamba jambo hili halina ubishi, mzoefu ni mzoefu. Basi na tulitazame kama somo, tuone kama kweli halina ubishi.

Tuanze na jambo mnalolijua. Malori yaendayo kutoka Gitega kupita Karuzi hadi Muyinga, kisha yakashika njia ya Kobero kuingia Tanzania, kila moja lina dereva na utingo wake. Utingo huanza kwa kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, kufunga turubai na kuhesabu magunia. Huku akifanya kazi hiyo, macho yake yako kwenye mikono ya dereva. Baada ya mwaka au miwili dereva humwachia usukani mahali pa tambarare, naye hukaa karibu akimwangalia. Mwenye lori akihitaji dereva wa pili atafanya nini? Aweza kumpa utingo huyo, ambaye anaijua kila kona ya barabara lakini hajawahi kuwa peke yake usiku wa mvua. Au aweza kumtafuta dereva mkubwa kutoka Bujumbura, ambaye ameendesha miaka ishirini lakini lori hili halijui, wala njia hii haijui. Wenye malori wengi nijuao hufanya yote mawili, nao hawakusoma popote jambo hilo.

Tofauti ni kwamba lori likikushinda waweza kuliegesha kando ya njia ukafikiri. Eropleni haiegeshwi hewani.

Sasa tutazame sheria. Shirika la kimataifa lisimamialo usafiri wa anga, liitwalo ICAO, limeweka kiasi cha chini cha mafunzo. Leseni ya kwanza ni ya mtu kujirushia mwenyewe bila kulipwa, nayo yataka saa 40 za kuruka. Leseni ya pili ni ya kazi. Hiyo yataka saa 200, au 150 kama mwanafunzi amesoma mfululizo katika shule iliyokubaliwa, na umri usiwe chini ya miaka 18. Leseni kubwa, ambayo rubani mkuu wa ndege ya abiria hana budi kuwa nayo, yataka saa 1,500 na umri wa miaka 21. Toka mwaka 2006 iko pia leseni ya namna nyingine, iliyotungwa kwa ajili ya marubani wasaidizi wa mashirika makubwa: hiyo yataka saa 240, na nyingi katika hizo hufanywa ndani ya simuleta, yaani chumba kinachoigiza ndege kwa kila kitu ila kuruka kwenyewe.

Angalieni vizuri tarakimu hizo. Kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye saa 200 tu, sheria ya nchi nyingi yamruhusu kuketi kiti cha kulia katika ndege yenye abiria mia na zaidi. Wengi hushtuka wakisikia habari hii. Lakini hakai peke yake. Kiti cha kushoto kina rubani mkuu, na ndege nzima imepangwa kwa hesabu ya watu wawili. Kwa hivyo kijana akiingia humo, shule yake haijaisha. Imebadilika mahali tu.

Marekani walikataa njia hiyo. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya shirika la Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, wakafa watu 50. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani mkuu alivuta usukani wakati ambapo alipaswa kuushusha, na kwamba uchovu ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa sana. Bunge lao likapitisha sheria mwaka 2010, na toka mwaka 2013 hata rubani msaidizi huko hana budi kuwa na saa 1,500, isipokuwa wachache waliotoka jeshini au katika vyuo fulani, ambao hupunguziwa. Hapo lipo jambo ambalo napenda mlishike. Rubani mkuu wa ndege ile alikuwa na saa zaidi ya 3,000, na msaidizi wake zaidi ya 2,000. Maana yake, sheria mpya isingemzuia hata mmoja wao kuingia katika ndege ile. Ulaya hawakuifuata. Shirika la Lufthansa la Ujerumani lilifungua shule yake mjini Bremen mwaka 1956, likawa linachukua vijana wasiowahi kugusa usukani, na wengi wa marubani wake wakuu walianzia huko.

Basi saa za kuruka ni kipimo, nacho ni kipimo kizuri, lakini hakipimi kila kitu. Mtu aweza kuruka saa elfu moja za namna moja, mchana, penye hewa tulivu, njia ile ile, akawa kama mtu aliyesoma ukurasa mmoja mara elfu. Kwetu milimani jambo hili lina maana kubwa. Bujumbura, karibu na ziwa, uko kiasi cha meta 780 juu ya usawa wa bahari. Gitega uko kiasi cha meta 1,500. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi, kwa hivyo mabawa hupata kidogo cha kushikilia na injini hupata kidogo cha kuvuta. Ndege ile ile, yenye mzigo ule ule, hukimbia uwanjani mbali zaidi kabla ya kuinuka. Rubani aliyezoea pwani huyasoma hayo kitabuni. Aliyefunzwa Addis Ababa, penye zaidi ya meta 2,300, ameyaona kwa macho yake tangu siku ya kwanza.

Na tuseme habari za Addis Ababa, maana hapo ndipo somo letu lilipo. Mwaka 1945 serikali ya Ethiopia ilifanya mapatano na shirika la Kimarekani liitwalo TWA ili kuanzisha shirika la ndege. Safari ya kwanza ilikuwa Aprili 1946, kutoka Addis Ababa kupita Asmara hadi Cairo, kwa ndege za aina ya Dakota zilizobaki baada ya vita. Marubani walikuwa Wamarekani. Mafundi pia. Hata wakubwa wa ofisi walikuwa Wamarekani. Kama rafiki yetu wa Gitega angalikuwapo, angalisema: mnaona, mzoefu ni mzoefu! Lakini Waethiopia hawakuishia hapo. Walikuwa wakiweka vijana wao pembeni ya kila mgeni. Mwaka 1957 Alemayehu Abebe akawa Mwethiopia wa kwanza kushika ndege ya abiria ya shirika hilo akiwa rubani mkuu. Hesabuni: kutoka 1946 hata 1957 ni miaka kumi na mmoja. Shule yao ya marubani ilifunguliwa mwaka 1964. Na mwaka 1971 Mwethiopia akawa mkuu wa shirika lote kwa mara ya kwanza, yaani miaka ishirini na mitano baada ya safari ya kwanza. Siku hizi shule hiyo hupokea wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika, na nchi zao hulipa.

Sasa tulinganishe na jirani zetu wa mashariki. Shirika la East African Airways lilianza mwaka huo huo wa 1946, kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, likisaidiwa na shirika la Waingereza la BOAC. Kwa muda mrefu sana waliokuwa mbele ya ndege hizo walikuwa Wazungu, na hapakuwa na haraka ya kuwatafuta wengine. Shule ya urubani ya Afrika ya Mashariki ilifunguliwa Soroti, katika nchi ya Teso huko Uganda, mwaka 1971. Mahali palichaguliwa vizuri: tambarare, hewa wazi, na nafasi ya kutosha. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na East African Airways ikafa pamoja nayo. Kutoka 1971 hata 1977 ni miaka sita. Kijana aliyeingia Soroti siku ya kwanza alikuwa ndiyo kwanza amekuwa msaidizi aliyekomaa, na shirika halipo tena! Kenya ilipoanzisha Kenya Airways mwaka huo wa 1977 ilianza kwa kukodi ndege za shirika la Kiingereza. Shule ya Soroti ilibaki kwa Uganda, na kwa miaka mingi ilikuwa na ndege chache zifaazo kuruka. Hata hivyo haikufa. Esther Mbabazi, aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuwa rubani wa ndege za abiria, alipata sehemu ya masomo yake huko kabla ya kwenda Marekani.

Hapo twaona ubaya mmoja wa kufunza tangu mwanzo, nao si ujinga wa vijana. Ni urefu wa muda. Tufanye hesabu. Kijana aanza akiwa na miaka 20. Shule humchukua miaka miwili, atoka na saa 200. Akiwa rubani msaidizi, tuseme aruka saa 700 kwa mwaka. Baada ya miaka miwili ana saa 1,600, zatosha leseni kubwa. Lakini mashirika mengi hayampi mtu ndege siku atimizapo kiasi cha sheria. Hutaka saa elfu tatu au nne. Baada ya miaka sita kijana wetu ana saa 4,400. Amefika miaka 28. Kwa hiyo shirika linalohitaji rubani mkuu leo, na linataka awe mtoto wa nyumbani, lilipaswa kumpeleka shule miaka minane iliyopita. Kama halikufanya hivyo, haliwezi kungoja. Litaajiri.

Na gharama? Kumfunza kijana mmoja hata leseni ya kazi ni makumi ya maelfu ya dola, na kumzoeza aina moja ya ndege kubwa ni fedha nyingine juu ya hizo. Hakuna jamaa ya wakulima wa kahawa wa Muyinga iwezayo kulipa kiasi hicho, hata wakiuza na shamba. Nchi nyingine mwanafunzi hujilipia kwa mkopo, akaanza kazi ana deni la miaka kumi. Kwetu sisi, kusema "tufunze vijana" ni kusema kwamba serikali au shirika litalipa. Na mwenye kulipa hutaka kijana atie sahihi mkataba wa kutumika miaka kadhaa.

Mkataba wenyewe wavunjika. Jambo hili huwaumiza mno walimu wa urubani katika Afrika. Mashirika ya Ghuba, kama Emirates na Qatar Airways, yana ndege kubwa na mishahara mikubwa, nayo yamechukua marubani wengi waliolelewa na mashirika ya Afrika, Kenya Airways likiwa mojawapo. Mimi siwalaumu vijana wenyewe. Mtu ana watoto na wazazi. Lakini mwenye kufunza ajue kwamba analima shamba lisilo na ua. Na Emirates wenyewe je? Walipoanza, Oktoba 1985, walikodi ndege na wafanyakazi wa shirika la Pakistani. Mwaka 2017 wakafungua shule yao kubwa ya marubani huko Dubai. Hata tajiri, basi, alianza kwa kuajiri akaja kufunza.

Ijapokuwa nimesema hivyo, msidhani kwamba dawa ni kuweka mzoefu kiti cha kushoto na mgeni wa kazi kiti cha kulia, kisha kwenda kulala. Lazima niwasimulie habari za Douala, ijapokuwa ni za huzuni.

Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, Boeing 737-800 iliyokuwa mpya, iliondoka Douala huko Kameruni kwenda Nairobi. Palikuwa na mvua na radi. Ndani yake mlikuwa na watu 114. Rubani mkuu alikuwa na saa zaidi ya 8,000. Msaidizi wake alikuwa kijana mwenye saa zisizofika 1,000. Ndege ilipanda. Rubani mkuu alidhani kwamba mtambo wa kujiendesha umeshika kazi, nao haukuwa umeshika. Nje kulikuwa giza tupu, hapakuonekana nchi wala mbingu. Ndege ikaanza kuinamia kulia polepole, polepole hata mwili wa binadamu usiweze kuhisi, na kwa muda wa karibu dakika moja hapana aliyeishika. Kengele ya hatari ilipolia, rubani mkuu alichanganyikiwa, akageuza usukani upande usiofaa. Msaidizi alisema, lakini alisema mwishoni, wakati wa kusema ulipokuwa umepita. Ndege iliingia katika mikoko, kilomita chache tu kutoka uwanjani. Hakuna aliyepona.

Taarifa ya uchunguzi ilitolewa mwaka 2010. Haikusema kwamba kijana alikuwa hajui. Ilieleza kwamba watu wale wawili hawakufanya kazi kwa pamoja: mkubwa alikuwa mtu wa sauti na amri, mdogo alikuwa mtulivu asiyependa kumwingilia. Tena ilionyesha kwamba udhaifu wa rubani mkuu ulikwisha andikwa katika karatasi za mafunzo yake miaka ya nyuma. Saa zake zilikuwa nyingi na kila mtu aliziona. Karatasi zile ni wachache waliozisoma.

Kwetu sisi tuliolelewa kwa heshima ya mkubwa, jambo hili ni gumu kuliko hesabu yoyote. Mtoto wa Gitega au wa Muyinga hafundishwi kumwambia mzee, "Hapa umekosea." Katika chumba cha marubani hana budi kuyasema maneno hayo, tena kwa sauti, tena upesi, na asiposikilizwa aseme mara ya pili, kisha ashike usukani. Siku hizi shule za urubani zina somo zima la jambo hilo. Mwanafunzi aliyefunzwa tangu mwanzo hulisoma angali kijana, na hii ni faida moja kubwa ya kufunza. Mzoefu wa zamani amelijia uzeeni, na wengine hawakulipenda.

Burundi je? Nchi yetu ilianzisha shirika la ndege mwaka 1971, likiitwa STAB, na mwaka 1975 likapewa jina la Air Burundi. Halikuwa kubwa kamwe, na mwaka 2009 liliacha kuruka. Mwaka 2021 liliundwa shirika jipya, Burundi Airlines. Wako wasemao kwamba tungefunza vijana wengi kwanza, ndege zije baadaye. Hapo mimi nakataa. Leseni ya urubani si cheti cha kutundika ukutani. Rubani asiporuka na kutua mara tatu katika siku 90, haruhusiwi kubeba abiria mpaka ajaribiwe tena. Idhini yake ya aina ya ndege hupitwa na wakati. Kijana aliyefunzwa kwa fedha nyingi, kisha akakaa Gitega miaka mitatu akingoja ndege, ni kama mvuvi aliyepelekwa kuishi kwenye vilima vya Muyinga akiwa na nyavu mpya. Atakwenda ziwa liliko, na ziwa hilo liko Dubai.

Rai yangu, basi, ni hii. Shirika dogo likianza liajiri wazoefu kwa viti vya kushoto, na lisione haya, maana Waethiopia hawakuona haya. Lakini toka siku ya kwanza kiti cha kulia kiwe cha mwenyeji kila inapowezekana, na mkataba wa mgeni uandike wazi kwamba kazi yake ni mbili, kurusha ndege na kufundisha, na kwamba alipwa kwa zote mbili. Mgeni achaguliwe kwa karatasi zake za mafunzo, wala si kwa hesabu ya saa peke yake. Wawili walio wapya wasiwekwe pamoja hata siku moja. Na tusijenge shule yetu wenyewe mapema. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka 2007, Soroti iko, Addis Ababa iko. Vijana wanne au watano kwa mwaka hawahitaji shule mpya.

Wewe wa Muyinga umeuliza pia usome nini. Hesabu na fizikia, ndiyo. Lakini wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa tunasahau Kiingereza. Toka mwaka 2008 ICAO hutaka kila rubani wa safari za kimataifa ajue Kiingereza kwa daraja la 4 katika madaraja 6, yaani aweze kueleza jambo la hatari kwa maneno yake mwenyewe, siyo kukariri maneno ya redio tu. Tena pima macho yako mapema, hasa kama wachanganya rangi nyekundu na kijani.

Ninyi mliobaki, na wazee wa shule mnaopenda hesabu, jaribuni hii. Shirika lina ndege mbili. Kila ndege yataka jozi tano za marubani ili ifanye kazi kila siku bila kuwachosha watu. Hiyo ni wakuu kumi na wasaidizi kumi, na mwanzoni wote ni wageni. Kila mwaka vijana wanne hupelekwa shule, mmoja hushindwa, watatu hurudi baada ya miaka miwili. Kila mmoja hutumika miaka sita akiwa msaidizi kabla ya kuwa mkuu. Wenyeji watajaza viti vyote vya kulia mwaka wa ngapi? Na vya kushoto mwaka wa ngapi? Mimi nimepata mwaka wa tano na wa kumi na moja. Kisha ifanyeni tena, lakini safari hii toka mwaka wa nane kila mwaka rubani mkuu mmoja ahamie Ghuba.